Kona ya vyuma ya Katuba: shajara ya mradi

Mwezi wa 3, mwishoni

Kuanzia leo nitaandika hapa hatua za kona ya vyuma, yaani mahali pa kunyanyua uzani, tunayoijenga Katuba, Lubumbashi, kwa vijana wetu wa voliboli, handiboli na judo. Parokia imetupa eneo la nyuma ya ukumbi wake, lenye ukuta pande mbili na mwembe unaotia kivuli mchana kutwa. Mvua bado inanyesha, kwa hiyo udongo hatutaugusa mpaka ikatike.

Sababu ya mradi ni magoti. Timu ya wasichana imepoteza wachezaji wazuri, na wengi wao waliumia bila kuguswa na mtu: aliruka kupiga mpira, akarudi chini, goti likaingia ndani, msimu ukaisha. Katika viwanja vya mji huu kuruka kunafundishwa tangu utotoni, kutua kunaachiwa bahati.

Mchezo wa kunyanyua uzani wa Olimpiki una minyanyuo miwili tu. Arashe ni kuinua chuma, yaani fito lenye disiki za uzito kwenye ncha zake, kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mwendo mmoja. Epole-jete ina hatua mbili: chuma kinapanda mabegani, mtu anasimama nacho, kisha anakirusha juu kwa nguvu ya miguu na kuingia chini yake. Zamani kulikuwa na mnyanyuo wa tatu, wa kusukuma chuma juu kwa mikono ukiwa umesimama. Ulifutwa baada ya Michezo ya Munich ya 1972, kwa kuwa waamuzi walishindwa kuuhukumu sawasawa na wanyanyuaji walikuwa wamefikia kujipinda mgongo kwa nyuma kupita kiasi. Mtu akikwambia vyuma vinavunja mgongo, mara nyingi ndiyo picha aliyo nayo kichwani.

Anayetazama kwa mbali anaona mikono. Kazi yenyewe iko kwenye nyonga, magoti na vifundo vya miguu, vinavyonyooka pamoja kwa kasi kama mtu anayeruka. Mtafiti Mmarekani John Garhammer alipima wanyanyuaji akakuta kwamba pale chuma kinapopita mapajani, katika mvuto wa pili, mwili unatoa kazi kwa kila sekunde mara kadhaa zaidi ya unapochuchumaa na uzito mkubwa polepole. Uzito ni mdogo kuliko ule wa kuchuchumaa, ila mwendo wake ni wa radi.

Nusu ya pili ya mnyanyuo ndiyo inayonivuta zaidi. Chuma kikishafika juu, lazima kipokewe: unashuka chini yake, magoti yakifuata mwelekeo wa vidole vya miguu, kiwiliwili kikiwa kimekazwa, nawe unakisimamisha. Kijana anayefanya hivyo wiki baada ya wiki anajifunza kupunguza mwendo wa kitu kizito kwa miguu yake. Mchezaji wa voliboli anayerudi kutoka juu ya wavu anahitaji kitu hicho hicho, na hapo ndipo nimeweka matumaini yangu yote.

Mwezi wa 4: sakafu

Mvua imepungua, tumeanza na sakafu kabla ya kununua uzito wowote. Baadhi ya wazazi waliochanga wangependa kuona vyuma vinavyong'aa kwanza. Ninawaelewa, lakini msimamo wangu ni huu: usalama wa mchezo huu uko katika ruhusa ya kuangusha. Mnyanyuaji hana mtu wa kumshikia. Mnyanyuo ukiharibika anakiachia chuma mbele yake na kurudi nyuma, au kikielekea nyuma anakiachia na kuruka mbele. Kijana anayejua kwamba akiangusha atapasua sakafu au ataudhi jirani atang'ang'ania chuma kilichokwisha kumshinda, na hapo ndipo bega au mgongo unapoumia.

Jukwaa la mashindano lina mita 4 kwa 4. Letu ni dogo kuliko hilo, lakini limepangwa kwa akili ile ile. Katikati ni mbao ngumu, ili kisigino kisizame. Pande mbili, pale disiki zinapoangukia, ni mpira mzito. Mpira huo ni baraka ya kuishi Lubumbashi: mikanda iliyochakaa ya kusafirishia mawe migodini inauzwa na wauza skrepa, minene, yenye nyuzi ndani, na haichaniki. Tumeweka tabaka mbili.

Mwashi ametusawazishia ardhi kwa mpira wa maji, ule wa plastiki inayoonyesha ndani, kona kwa kona. Kazi ilichukua muda kuliko tulivyotarajia kwa sababu eneo lina mteremko wa kuelekea mfereji, nami sikuruhusu kulikadiria kwa macho. Mtu anayepokea kilo 60 juu ya kichwa huku mguu mmoja uko chini kidogo kuliko mwingine anafundisha mwili wake kupinda.

Mwezi wa 4, siku za mwisho: chuma chenyewe

Hili nalieleza kwa urefu, maana kila anayeanzisha kona ya namna hii anakwama hapa.

Chuma rasmi cha wanaume kina kilo 20, urefu wa mita 2.20 na unene wa milimita 28. Cha wanawake ni kilo 15, mita 2.01 na milimita 25. Vipimo hivyo havitoshi kukupa chuma salama. Siri yake iko kwenye ncha. Sehemu inayobeba disiki inazunguka peke yake, kwa pete za ndani ziitwazo bushi, au kwa beringi. Chuma kinapopinduka kufika mabegani, disiki zinaendelea na mwendo wake na viganja vinageuka bila kuvutwa. Ukichukua fito la chuma la kawaida na kuchomelea ncha zake, kila mpinduko unaupeleka mzunguko wa disiki kwenye kifundo cha mkono na kiwiko. Zaidi ya hayo, fito la namna hiyo likipinda halirudi, na mahali palipochomelewa hupasuka bila taarifa.

Kijana mmoja alituletea cha kwake alichotengenezewa mtaani, kwa moyo mweupe kabisa. Nilimshukuru, nikakiweka ukutani kwa ajili ya mazoezi ya kuvuta tu.

Njia tuliyochukua ni mbili kwa pamoja. Kwanza, chuma kimoja halisi kilichotumika, kilicholetwa na mfanyabiashara anayepita Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kina kutu kidogo katikati, ila kimenyooka na ncha zinazunguka vizuri. Pili, fundi wa kukereza ametutengenezea vyuma vyepesi vya bomba kwa wanaoanza, vyenye bushi za shaba nyeusi kwenye ncha. Mzee huyo alikuwa akitengeneza bushi za mashine za mgodini maisha yake yote. Aliposikia kazi ni nini, aliuliza swali moja tu: “Kitaanguka kutoka juu kiasi gani?” Baadaye akaandika kwa mkono wake kwenye kila bomba: kilo 40, mwisho. Sheria hiyo haivunjwi.

Disiki kubwa za Olimpiki zina kipenyo cha milimita 450, hata zile nyepesi za mpira zinazotumiwa kujifunzia. Kwa hiyo chuma kinaanzia katikati ya muundi kila mara, kikiwa chepesi au kizito. Disiki ndogo za chuma cha kawaida zinamlazimisha anayejifunza kuinama chini zaidi, mgongo ukajikunja kabla ya kazi kuanza. Seremala ametukatia disiki za tripleksi, zile mbao za tabaka zilizogandishwa, zenye kipenyo hicho hicho, karibu zisizo na uzito. Binti wa miaka 14 sasa anaanza na kilo chache, chuma kikiwa kwenye urefu ule ule wa bingwa wa dunia. Disiki za chuma tumezipima zote kwenye mizani ya muuza unga, na zile zisizolingana tumezioanisha kwa rangi.

Mwezi wa 5: kikao na wazazi

Ukumbi ulijaa. Mama mmoja, mwenye binti anayecheza katikati kwenye wavu, alisimama akasema lililokuwa mioyoni mwa wengi: “Papa kochi, mutoto wangu atabakia mufupi?”

Nilimjibu polepole, maana swali hili linastahili heshima. Mwilini mwa mtoto, kwenye ncha za mifupa mirefu, kuna gegedu ambapo mfupa unakulia. Ikijeruhiwa vibaya inaweza kuathiri ukuaji, hilo ni kweli. Lakini mazoezi ya uzito yanayofundishwa na kusimamiwa vizuri hayajaonekana kufupisha watoto, na vyama vya madaktari wa watoto na wataalamu wa mazoezi, Marekani na kwingineko, vimeshaachana na katazo la zamani. Wanachosisitiza ni msimamizi anayejua kazi.

Kisha niliwapa hesabu. Mwaka 1994 Brian Hamill alichapisha ulinganisho wa majeraha kwa kila saa 100 za kushiriki. Soka ya watoto wa shule ilikuwa na 6.20, raga 1.92, kunyanyua uzani 0.0017. Niliwaambia pia wasiichukue tarakimu hiyo ya mwisho kama ahadi: waliohesabiwa walikuwa chini ya makocha, na njia za kuhesabu hazikuwa sawa katika michezo yote. Mapitio ya Aasa na wenzake ya 2017 yalipata majeraha 2.4 hadi 3.3 kwa kila saa 1,000 kwa wanyanyuaji wa mashindano, hasa mgongo wa chini, magoti na mabega. Hiyo ni kubwa kuliko ya Hamill, na bado ni ndogo ukiiweka karibu na michezo ya kugongana. Mimi naiamini zaidi hii ya pili.

Kilichowanyamazisha wazazi ni kingine. Utafiti wa Marekani wa 2009 uliangalia waliofikishwa hospitali za dharura kwa sababu ya mazoezi ya uzito. Kwa watoto wa miaka 8 hadi 13, majeraha mengi yalikuwa ya ajali, na kama theluthi mbili ya majeraha yao yalikuwa ya viganja na nyayo: disiki imeangukia vidole, kidole kimebanwa. Yaani hatari kubwa ya mtoto kwenye kona ya vyuma ni kuchezea vitu vizito bila mtu mzima. Ndiyo maana mlango una kufuli.

Papa mmoja aliyekuwa kimya nyuma akasema: “Bana, bido la maji la lita 20 lina kilo ngapi?” Kilo 20, sawa na chuma cha wanaume. Watoto wetu wanalibeba kichwani kutoka kwenye bomba la mtaa, asubuhi na jioni, juu ya mawe, bila kochi. Hakuna aliyewahi kuitisha kikao juu ya hilo. Mama yule alicheka, akatia sahihi ruhusa ya binti yake.

Mwezi wa 6: kufundisha kutoka juu kushuka

Baridi ya asubuhi imeingia, vumbi pia. Tunaanza na fimbo za ufagio.

Mpangilio tunaoufuata ni kutoka juu kwenda chini. Kwanza kuchuchumaa hadi chini fimbo ikiwa mabegani mbele, viwiko vimeinuliwa. Kisha kupokea. Kisha kuvuta kuanzia mapajani, baadaye kuanzia magotini, na sakafu inakuja mwisho. Wanaotaka kuanzia sakafuni ni wengi, hasa wavulana, kwa sababu ndivyo wanavyoona kwenye simu. Kuvuta kutoka sakafuni mgongo ukiwa umenyooka ni jambo gumu kuliko linavyoonekana, na kwa mchezaji wa voliboli faida nyingi ziko juu ya goti.

Marudio ni machache, moja hadi matatu, halafu mtu anapumzika kwelikweli. Mnyanyuo wa kasi ukifanywa mara 15 mfululizo unageuka kuwa mazoezi ya kuchoka, na mwili uliochoka unajifunza mwendo mbaya. Tunafanya mara mbili kwa wiki, kabla ya mpira. Uzito unaongezwa marudio matatu ya mwisho yakifanana. Yasipofanana, unabaki ulipo, hata ukiwa nahodha.

Si kila mwanamichezo anahitaji arashe, na nitalishikilia hili hata mbele ya wapenzi wa mchezo wenyewe. Kijana wetu wa judo ambaye bega lake liliwahi kuteguka hatanyanyua kitu juu ya kichwa hapa. Anafanya mivuto kutoka mapajani, kwa kasi ile ile, na chuma hakipiti kifuani. Nyonga zake zinapata karibu yote aliyoyafuata. Wenye vifundo vya mikono vigumu wanaoshindwa kuinua viwiko tumewapa muda wa kunyoosha, wakati huo wakivuta bila kupokea.

Viatu: ndala haziruhusiwi, wala raba laini zenye soli ya sifongo. Viatu vya wanyanyuaji vina kisigino kigumu kilichoinuka, ili mtu achuchumae chini akiwa wima. Hapa bei yake haishikiki. Fundi viatu wa Kenya, ile komini yetu ya jirani, amegandisha vipande vya ngozi ngumu chini ya visigino vya raba za zamani. Vinafanya kazi.

Mwezi wa 7: daftari la maumivu

Tuna daftari linalojazwa kabla ya mtu kugusa chuma: umelalaje, unaumwa wapi. Mwanzoni waliandika “sawa” kila siku. Likaongezwa swali moja, na lenyewe limekuwa muhimu kuliko yote: leo umebeba nini?

Lilitokana na mvulana wa handiboli aliyelalamika mgongo wa chini siku ya vyuma. Mwendo wake ulikuwa safi, uzito ulikuwa mdogo. Kumbe asubuhi alikuwa ameshusha magunia ya unga wa mahindi kutoka kwenye lori, kazi inayomlipia shule. Makala za Ulaya na Marekani zinahesabu uchovu wa mazoezi, mechi na masomo. Kijana wa Katuba ana gunia, bido na makaa juu ya hayo. Sasa aliyebeba magunia anafanya fimbo na kuchuchumaa bila uzito siku hiyo, halafu anakwenda nyumbani kula. Mvulana yule alipona baada ya kupumzika na amerudi.

Maumivu mengine yaliyomo daftarini ni ya viganja na ngozi ya mikono. Hakuna aliyehitaji kupelekwa hospitali.

Mwezi wa 8: tunachoona

Kuruka tunapima kwa chaki ukutani, mkono ulionyooshwa, chini ya macho ya watu wawili. Wengi wamepanda. Sitaki kulipamba hili: walikuwa wakikua, walikuwa wakicheza, na wengine walikula vizuri zaidi likizo hii. Bado mwelekeo unakubaliana na mapitio ya Hackett na wenzake ya 2016, yaliyokuta kwamba minyanyuo ya Olimpiki inaongeza urefu wa kuruka kuliko mazoezi ya kawaida ya uzito, kwa takriban asilimia 5, na kwamba faida yake inakaribiana na ile ya mazoezi ya kurukaruka. Mwenye kiwanja tu na asiye na chuma asijione ameachwa, basi: kurukaruka kuliko na mpango kutampeleka mbali.

Kinachonifurahisha zaidi ni kutua. Mwezi wa 3 niliwapiga picha za video wakiruka kutoka kwenye benchi, magoti ya wasichana wengi yakiingia ndani. Juzi nimezirudia. Magoti yanafuata vidole, nyonga zinarudi nyuma, na mshindo umepungua. Binti wa yule mama ndiye aliyebadilika kuliko wote.

Kochi mmoja wa soka alikuja kutazama. Hofu yake ni kwamba vijana watakuwa wazito na wa polepole. Nilimwonyesha ratiba: marudio machache, pumziko refu. Kunenepesha misuli kunataka kazi nyingi na chakula kingi kuliko wanavyopata hapa. Kisha nikamkumbusha kwamba mchezo huu una madaraja ya uzito wa mwili. Naim Süleymanoğlu alipokuwa Seoul 1988 katika daraja la kilo 60, alinyanyua kilo 190 kwa epole-jete, zaidi ya mara tatu ya uzito wake. Mtu wa namna hiyo hana nyama ya ziada. Kochi aliomba nafasi kwa mabeki wake wawili.

Wasichana nimewasimulia habari za Sara Ahmed wa Misri, aliyepata shaba Rio 2016 akiwa na miaka 18, na fedha Paris 2024. Wanawake waliruhusiwa katika mchezo huu kwenye Olimpiki ya Sydney 2000 tu, na huyu ni Mwafrika mwenzao. Ukimya ulioingia wakati wakitazama video yake ulikuwa wa heshima.

Siwafichi upande wa giza pia. Mchezo huu umechafuliwa sana na dawa. Sampuli za Beijing 2008 na London 2012 zilipopimwa upya, medali nyingi zilinyang'anywa. Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa sokoni bila maelezo havivuki mlango wetu. Chakula ni bukari (ugali), maharagi, samaki tomsoni, mayai yakipatikana, na maji.

Mwezi wa 9

Shule zimefunguliwa na ligi inaanza. Ratiba inabadilika: siku moja ya vyuma kwa wiki badala ya mbili, uzito unabaki karibu ule ule, seti zinapungua kwa nusu. Hakuna vyuma siku moja kabla ya mechi. Aliyecheza mechi nzima Jumapili anapumzika Jumatatu.

Wachezaji wawili wakubwa wa timu wanajifunza usimamizi. Kwa sasa wanaruhusiwa kuongoza kundi la fimbo tu, nami nikiwa hapo. Ufunguo haujawahi kutolewa kwa mtu mwingine, na watu wameniomba kwa njia zote nzuri. Utatolewa watakapoweza kumwambia rafiki yao “shusha uzito” na rafiki akashusha.

Kwa makochi wa komini za Kampemba na Ruashi walioniomba vipimo: jukwaa, bushi na disiki za tripleksi nimeshavichora kwenye karatasi, na fundi wa kukereza amekubali kuwapokea. Mabeki wawili wa soka wanaanza na fimbo wiki ijayo.